Waliodhulumiwa Hawalali: Historia ya Filamu za Mizimu za Japani na Funzo Lake kwa Nyansiongo

Katikati ya miaka ya 1950, nchi yetu ya Kenya ingali chini ya serikali ya kikoloni, wataalamu wa Marekani waliokusudia kuchunguza namna watoto wanavyolelewa duniani walichagua jamii sita zilizo baidi baina yao, na ikasadifu kuwa mojawapo ilikuwa jamii ya Wagusii, na nyingine kijiji cha Taira, kaskazini ya kisiwa cha Okinawa, ambacho siku hizo kilishikwa na Wamarekani na hakikurudishwa kwa Wajapani hadi mwaka 1972. Kitabu cha Robert LeVine na Barbara LeVine juu ya Wagusii, kilichotoka mwaka 1966, kilipewa jina la Nyansongo, lisilotofautiana na jina la mji wetu wa Nyansiongo ila kwa herufi moja. Na kile cha Taira kiliandikwa na Thomas Maretzki na mkewe Hatsumi. Tangu hapo Wagusii na Wajapani wa Okinawa wamekuwa majirani katika makabati ya maktaba, ingawa ni wachache miongoni mwetu waliopata kuuliza ni jambo gani ambalo majirani hawa wangeweza kufundishana.

Mimi naona liko jambo moja, nalo ni namna ya kuitumia hofu. Wagusii walijua tangu zamani kuwa hofu ni chombo cha malezi, na Wajapani walijua vivyo hivyo. Lakini Wajapani waliichukua hofu ya usiku, wakaitia katika vitabu, kisha katika tamthilia, kisha katika filamu za gharama ndogo zilizokusanya visa vifupi vifupi mfano wa diwani ya mashairi, hata ikawa sanaa inayojulikana ulimwengu mzima. Na siri ya sanaa hiyo, kama nitakavyojaribu kubainisha, haikuwa fedha wala mitambo, bali ni kwamba mzimu wao aghalabu ni mtu aliyedhulumiwa, na anayeusikiliza mkasa wake hutoka hapo akiwa ametishika na kuhurumia kwa pamoja.

Desturi yenyewe ni ya kale. Katika zama za Edo, yaani baina ya mwaka 1603 na 1868, palikuwa na baraza la usiku ambalo watu waliwasha taa mia, wakasimulia visa vya ajabu kimoja baada ya kingine, na kila kisa kilipomalizika taa moja ilizimwa, hata ikazimwa ya mwisho na wote wakabaki gizani wakingoja litakalotokea. Kutokana na mabaraza hayo wachapaji walipata biashara njema ya vitabu vya mikusanyo. Asai Ryoi alitoa mkusanyo wake mwaka 1666, akivitwaa visa vya Kichina na kuvivika nguo za Kijapani. Ueda Akinari akafuata mwaka 1776 na visa vyake tisa vilivyoandikwa kwa ufasaha mkubwa. Na Negishi Yasumori, aliyekuwa hakimu wa mji wa Edo, alitumia miaka kama thelathini akiyaandika mambo ya ajabu aliyosimuliwa na watu wa kila tabaka, mpaka yakatimia kiasi cha elfu moja. Ni jambo la kuzingatiwa kuwa mtu wa cheo kama hicho hakuona haya kuyasikiliza masimulizi ya wapishi na wapagazi.

Katika visa hivyo wamo wanawake wawili ambao kila Mjapani anawajua. Wa kwanza ni Okiku, mtumishi wa nyumba ya bwana mkubwa, aliyeshtakiwa kwa kupoteza sahani moja katika sahani kumi za thamani, akauawa na kutupwa kisimani. Na kila usiku sauti yake husikika ikihesabu sahani toka moja hata tisa, kisha ikapiga ukelele. Wa pili ni Oiwa, ambaye mumewe, kwa tamaa ya kuoa mke mwingine mwenye mali, alimwacha anywe sumu iliyomharibu uso na kumpukutisha nywele, naye akafa, akarudi kumwandama mume yule hata akili ikamruka. Tsuruya Nanboku aliuweka mkasa wa Oiwa jukwaani mwaka 1825, na umeigizwa mara nyingi mno tangu siku hiyo. Na ipo desturi kwamba waigizaji na watengenezaji wa filamu, kabla ya kuanza kazi, huenda kwenye hekalu lake la Yotsuya mjini Tokyo kumwomba radhi. Desturi hiyo yaonyesha wazi kuwa wenyeji hawamhesabu Oiwa kuwa zimwi la kutishia watoto. Wamhesabu kuwa mtu mwenye madai ya haki, ambaye haifai kulitumia jina lake pasipo taadhima.

Masimulizi haya yalivuka bahari kwa mkono wa mgeni. Lafcadio Hearn alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada cha Ugiriki, baba yake Mwairishi na mama yake Mgiriki. Akafika Japani mwaka 1890, akafundisha shule katika mji wa Matsue, akamwoa Bi. Koizumi Setsu, na mwaka 1896 akawa raia kwa jina la Koizumi Yakumo. Kitabu chake Kwaidan kilitoka mwaka 1904, mwaka ule ule aliofariki, lakini insafu yataka tuseme kuwa sehemu kubwa ya visa alivyoandika alivipata kwa mkewe, aliyemsimulia usiku hadi usiku. Basi chanzo cha kitabu kile mashuhuri ni kile kile cha emegano, ngano zetu za Kigusii, yaani mwanamke aliyeketi nyumbani akisimulia. Kutokana na vitabu vya Hearn, Kobayashi Masaki alitengeneza mwaka 1964 filamu ya visa vinne, yenye muda wa saa tatu, ambayo mbingu zake zilichorwa kwa rangi juu ya kuta kubwa. Nayo ikapewa tuzo maalumu ya majaji katika tamasha la Cannes mwaka uliofuata.

Lakini filamu ya Kobayashi ilikula mali nyingi, na lau kuwa sanaa hii ilitegemea mali kama ile, isingalifika mbali. Walioieneza ni mafundi wa gharama ndogo. Kampuni ya Shintoho, iliyokuwa na upungufu wa fedha hata ikafilisika mwaka 1961, ilitoa filamu za mizimu kila msimu wa joto, kwa kuwa ndani ya msimu huo imo sikukuu ya Obon, ambapo Wajapani husema roho za marehemu hurudi nyumbani kuwazuru jamaa zao; na katika filamu hizo ile ya Nakagawa Nobuo ya mwaka 1959 juu ya Oiwa yahesabiwa hadi leo kuwa johari. Mzimu wa Kijapani hauhitaji gharama: kanzu nyeupe ya maziko, nywele nyeusi ndefu zilizofumuliwa, mikono iliyolegea, na miguu isiyoonekana. Mwenye kipaji akiwa na hivyo na kona ya giza, ametosheka.

Mwaka 1989 kampuni ya Toei ilianza kutengeneza filamu zisizopelekwa katika majumba ya sinema, bali zilizouzwa na kukodishwa kwa kanda za video, na njia hiyo ikawafungulia mlango vijana wasio na mtaji wala jina. Miongoni mwao alikuwa Tsuruta Norio, ambaye tangu mwaka 1991 alitoa kanda za visa vifupi, vitatu katika kanda moja, vilivyotokana na mambo ambayo watu wa kawaida walidai kuyaona kwa macho yao wenyewe: mwanafunzi katika jumba la mazoezi, mpangaji katika chumba kipya, watoto walioachwa peke yao nyumbani. Tsuruta hakurusha damu wala hakupiga kishindo. Alimsimamisha mtu kimya nyuma kabisa ya picha, mahali ambapo jicho huchelewa kumwona, na mtazamaji alipomtambua alikwisha kuwa naye chumbani kwa muda. Wajuzi wa fani hii wamekiri kwamba kanda zile za bei rahisi ndizo zilizowafunza wote waliofuata, na Nakata Hideo, aliyeongoza filamu ya Ringu mwaka 1998, ni mmoja wa waliopita katika njia hiyo.

Mwaka huo huo wa 1998 televisheni ya Kansai ilionyesha mkusanyo wa visa vya shuleni, na ndani yake kijana Shimizu Takashi akapewa nafasi ya visa viwili, kila kimoja cha dakika chache tu, kimoja juu ya wasichana wanaotunza sungura wa shule, na kingine juu ya mvulana aliyeokota simu inayolia. Katika dakika hizo chache alimzaa Kayako, mke aliyeuawa na mumewe kwa wivu. Akamwendeleza katika filamu ya kanda mwaka 2000, kisha katika filamu ya majumba ya sinema, na mwaka 2004 Wamarekani wakamwita aitengeneze upya kwao, ikagharimu kiasi cha dola milioni 10 na kuingiza zaidi ya dola milioni 180. Asili ya mali yote hiyo ilikuwa visa viwili vya televisheni, na asili ya visa hivyo ilikuwa mwanamke aliyedhulumiwa nyumbani mwake, yaani dada yao Okiku na Oiwa.

Afrika haikukosa mfano wake. Huko Nigeria, filamu ya Living in Bondage ya mwaka 1992, iliyouzwa kwa kanda za video, ilimwonyesha mke aliyetolewa kafara na mumewe kwa tamaa ya utajiri, akarudi kumwandama. Na kanda za Kinijeria zilipofika Tanzania, mafundi wa Dar es Salaam nao wakashika kamera. Mussa Banzi alijipatia sifa kwa filamu za kutisha kama Nsyuka na Shumileta, zilizochota katika itikadi za wenyeji na kutengenezwa kwa fedha kidogo. Nasi Kenya tunayo Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, iliyotuzwa na wahakiki katika tamasha la Toronto, yenye kueleza marehemu waliokwama baina ya uhai na pumziko kwa sababu ya mambo ambayo hawajayakiri. Filamu hiyo haikuhitaji zaidi ya nyumba chache za wageni nyikani na waigizaji hodari, na bado ilibeba uzito wa dhamiri ya taifa.

Hapa hapana budi kusema jambo zito. Hofu isiyotiwa huruma huua. Mwaka 1995, uvumi wa popobawa, pepo anayesemekana kuwashambulia watu usiku, ulipowahangaisha watu wa Pemba na Unguja hata wakalala nje makundi kwa makundi, mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Na katika nchi yetu ya Wagusii, mwezi wa Mei 2008, watu wasiopungua 11, wengi wao wazee, waliteketezwa kwa moto kwa tuhuma za uchawi. Na mwezi wa Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo huko Marani. Waliouawa ni watu wa umri ule ule wa nyanya zetu, waliotusimulia emegano. Tazama tofauti ilivyo: kisa cha Kijapani humchukua mwanamke aliyekwisha kuuawa bila hatia, kikamsimamisha mbele ya walio hai ili waone aibu, ilhali uvumi wa kijijini humchukua mwanamke aliye hai, asiye na hatia, ukamfanya maiti. Giza ni moja na hofu ni moja, lakini ya kwanza yaelekea kwenye adili na ya pili yaelekea kwenye jinai.

Nyansiongo iko mahali pema pa kuianza kazi iliyo njema. Hapa Borabu, kando ya njia itokayo Keroka kwenda Sotik, mashamba ya walowezi wa Kizungu yaligawanywa baada ya uhuru, wakaja watu wa Kitutu, wa Mugirango, wa Nyaribari na wa kwingineko, kila jamaa na emegano yake, na mpaka wa Wakipsigis uko karibu, nao Wakipsigis wana masimulizi yao. Ziko shule, uko umeme, na simu ya mkononi ya kijana wa leo yapiga picha safi kupita kamera alizotumia Tsuruta. Omogano mmoja, yaani ngano moja, ni mfupi, na mitatu yatosha filamu moja. Ukungu unaoshuka juu ya majani ya chai alfajiri hauuzwi, wala giza la njia ya kiwanda cha chai halitozwi ushuru.

Na mikasa ya waliodhulumiwa tunayo tele. Yupo Otenyo, aliyemchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza, mwezi wa Januari 1908, kwa hamasa ya Moraa mwenye maono. Otenyo naye akauawa, na wazee husimulia kuwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza, hata Wagusii wangali wakikidai mpaka leo. Wapo pia wale wazee wa 2008 na wa 2021, ambao nyumba zao ziligeuka majivu. Mtengenezaji atakayewaendea jamaa zao kwanza na kuwaomba ruhusa, kama Wajapani wanavyokwenda kwa Oiwa, kisha akamleta mmoja wa wazee hao kwenye picha akisimama kimya nyuma ya umati uliomuua, atakuwa amefanya kazi ambayo Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 haijaiweza kwa karne nzima. Walimu wa fasihi na vyama vya vijana wa Borabu wana uwezo wa kuianza katika likizo moja, kwa visa vitatu, kwa Ekegusii au kwa Kiswahili, kwa sharti moja lisilovunjwa: katika kila kisa, anayeogopwa awe ni yule aliyedhulumiwa, na anayepaswa kutetemeka awe ni yule aliyedhulumu.