Huduma ya Kikristo kwa wanamichezo

Huduma ya Kikristo kwa wanamichezo (huitwa pia utume wa michezo) ni kazi ya kuwalea kiroho na kuwasaidia kiutu wachezaji, makocha na watu wengine wanaoishi katika mazingira ya michezo. Hufanywa na makasisi, watawa na waumini wa kawaida, ambao baadhi yao ni wanamichezo wastaafu. Hutolewa shuleni, vyuoni, katika klabu za kulipwa, kambi za mazoezi na vijiji vya Olimpiki.

Mhudumu wa aina hii si mganga wa timu, wala kazi yake si kuhakikisha ushindi kwa njia ya sala. Msingi wa huduma ni imani kwamba mwanamichezo ana thamani ileile kabla ya kushinda na baada ya kushindwa. Kwa sababu hiyo kazi yake huonekana zaidi mchezaji anapoumia, anapoachwa na klabu au anapostaafu kuliko siku ya kupokea kombe.

Chimbuko

Uhusiano wa Ukristo na michezo haukuwa mwema wakati wote. Mtume Paulo, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, alilinganisha maisha ya mwamini na mbio za uwanjani. Wasomaji wake walizifahamu mbio hizo, kwa kuwa Michezo ya Isthmia ilifanyika karibu na mji wao kila baada ya miaka miwili. Lakini mnamo mwaka 200 hivi, Tertuliani wa Karthago aliandika kitabu kizima cha kuwakataza Wakristo kuhudhuria maonyesho ya uwanjani, kutokana na ukatili na ibada za miungu zilizoambatana nayo.

Katika karne ya 19 shule za bweni za Uingereza zilieneza wazo kwamba michezo hujenga nidhamu, ujasiri na moyo wa kushirikiana. Mtazamo huo, uliopata umaarufu kupitia mwandishi Thomas Hughes, uliitwa "Ukristo wa misuli". Wamisionari waliubeba hadi Afrika na Asia pamoja na shule zao.

Chama cha YMCA, kilichoanzishwa London mwaka 1844 na George Williams, kilikuja kuunganisha malezi ya roho, akili na mwili. Mwaka 1891 James Naismith, Mkanada aliyekuwa amesomea theolojia, alibuni mpira wa kikapu katika chuo cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwaka 1895 William G. Morgan wa YMCA ya Holyoke, katika jimbo hilohilo, alibuni mpira wa wavu. Hivyo michezo miwili inayochezwa leo katika shule nyingi za Afrika Mashariki ilitokana na kazi ya chama cha vijana Wakristo.

Eric Liddell

Mwanamichezo anayetajwa mara nyingi katika huduma hii ni Eric Liddell (1902–1945), mtoto wa wamisionari Waskoti aliyezaliwa Tianjin, China. Katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924 alikataa kukimbia mita 100, mbio alizotegemewa sana, kwa kuwa mchujo wake ulipangwa siku ya Jumapili. Badala yake alikimbia mita 400 na kupata medali ya dhahabu kwa sekunde 47.6. Alipata pia shaba katika mita 200.

Mwaka uliofuata alirudi China kuwa mwalimu na mmisionari. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajapani walimfunga pamoja na raia wengine wa kigeni katika kambi ya Weixian. Huko alifundisha watoto na kuwaandalia michezo. Alifariki kambini Februari 1945, miezi michache kabla ya vita kwisha.

Mashirika ya karne ya 20

Mwaka 1954 kocha wa mpira wa kikapu Don McClanen wa Oklahoma, Marekani, alianzisha Fellowship of Christian Athletes, yaani Ushirika wa Wanamichezo Wakristo. Alisaidiwa na Branch Rickey, kiongozi wa besiboli aliyemwajiri Jackie Robinson na hivyo kuvunja ubaguzi wa rangi katika ligi kuu ya mchezo huo. Ushirika huo hufanya kazi hasa kupitia vikundi vya wanafunzi, makambi ya likizo na mafunzo ya makocha.

Mwaka 1966 Dave Hannah alianzisha Athletes in Action, tawi la michezo la harakati ya Campus Crusade for Christ. Nchini Uingereza shirika la Christians in Sport lilianza mwaka 1980. Katika nchi hiyo klabu nyingi za mpira wa miguu zina mlezi wa kiroho anayewahudumia wachezaji, wafanyakazi na hata mashabiki.

Kanisa Katoliki

Mwaka 2004 Papa Yohane Paulo II, ambaye ujanani alicheza mpira na kupenda kuteleza kwenye theluji, alianzisha ofisi ya Kanisa na michezo mjini Vatikano. Mwaka 2018 Vatikano ilitoa hati maalumu kuhusu mtazamo wa Kikristo juu ya michezo. Hati hiyo inasifu michezo, lakini inaonya dhidi ya dawa za kuongeza nguvu, rushwa na kumgeuza mchezaji kuwa bidhaa. Mwaka 2019 ilizinduliwa timu ya riadha ya Vatikano, Athletica Vaticana, inayojumuisha mapadre, watawa, walinzi na wafanyakazi wengine. Vijana wahamiaji Waislamu walipokewa pia kama wanachama wa heshima.

Afrika Mashariki

Mfano maarufu wa mtumishi wa Kanisa aliyejitoa kwa wanariadha uko Iten, mji wa Kenya ulio kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya Sekondari ya St. Patrick's. Hakuwa amesomea ukocha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1988, Matthew Birir, bingwa wa kuruka viunzi na maji mwaka 1992, na David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 ya dakika 1:40.91 huko London mwaka 2012.

Mji huohuo umeonyesha pia upande mchungu wa mafanikio. Oktoba 2021 mwanariadha Agnes Tirop, mwenye umri wa miaka 25, aliuawa nyumbani kwake Iten. Septemba 2024 Mganda Rebecca Cheptegei, aliyekuwa ameshiriki marathoni ya Olimpiki mwezi uliotangulia, alifariki Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto. Vifo hivyo viliibua mjadala kuhusu ukatili dhidi ya wanariadha wa kike na kuhusu watu wanaotawala mapato yao. Wenzake Tirop walianzisha shirika la Tirop's Angels kupambana na ukatili huo.

Kwa mwanariadha kijana, mtu mmoja anaweza kuwa kocha, msimamizi wa fedha na mwenzi wa nyumbani. Akionewa, hana wa kumwambia ndani ya timu. Hapo ndipo faida ya mlezi asiye na fungu katika zawadi za ushindi inapoonekana.

Namna kazi inavyofanyika

Shughuli za kawaida ni sala za hiari kabla au baada ya mchezo, vikundi vya kusoma Biblia, kuwatembelea majeruhi, kuwafariji wafiwa, ushauri wa ndoa na maandalizi ya kustaafu. Sehemu kubwa ya kazi ni kuwapo tu: kukaa kando ya uwanja wakati wa mazoezi na kuwajua watu kwa majina, ili siku ya shida pasiwe na mgeni.

Mfano ni tukio la tarehe 17 Machi 2012. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa aliyechezea Bolton ya Uingereza, alianguka uwanjani katika mechi ya Kombe la FA baada ya moyo wake kusimama. Madaktari walipokuwa wakimtibu, kasisi wa klabu yake alikuwa pamoja na familia hospitalini. Muamba alipona, lakini alilazimika kuacha mpira akiwa na miaka 24.

Katika vijiji vya Olimpiki huduma hutolewa kwa kushirikiana na dini nyingine. Huko Paris mwaka 2024 kituo cha ibada kilihudumia dini 5: Ukristo, Uislamu, Uyahudi, Uhindu na Ubuddha.

Huduma kwa makocha

Makocha mara nyingi husahauliwa, ingawa kibarua chao kinaweza kuota nyasi baada ya mechi chache. Huduma kwao inahusu msongo wa kazi, familia zinazoachwa kwa muda mrefu na matumizi ya mamlaka. Kocha wa shule anaweza kuwa na neno lenye uzito kuliko la mzazi, hivyo namna anavyomtendea mtoto aliyekosa penalti ni sehemu ya malezi.

Hoja na mipaka

Huduma hii ina wakosoaji. Lawama kubwa ni kwamba mchezaji anaweza kujiona amelazimishwa kusali ili asipoteze nafasi kikosini. Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Joseph Kennedy, kocha wa shule ya umma ya Bremerton aliyesimamishwa kazi kwa sababu ya kusali uwanjani baada ya mechi. Mwaka 2022 majaji 6 dhidi ya 3 walimpa kocha haki. Majaji waliopinga walisema wanafunzi wanaweza kuhisi shinikizo hata wasipoamriwa.

Lawama nyingine ni kutumia umaarufu wa mabingwa kama tangazo la dini, na kufundisha kwamba imani huleta ushindi. Fundisho hilo huwaacha wanaoshindwa wakijiona wamekataliwa na Mungu.

Katika Afrika Mashariki, ambako Wakristo na Waislamu hucheza katika timu moja, mambo haya yana uzito wa pekee. Kanuni zinazosaidia ni hizi: ushiriki uwe wa hiari, siri za mchezaji zisifikishwe kwa kocha wala viongozi, mhudumu asishiriki kupanga kikosi, na watoto wasikutanishwe faraghani na mtu mzima mmoja. Mchezaji wa dini nyingine asaidiwe kumpata kiongozi wake wa dini, na asiyetaka sala aheshimiwe vilevile.