Aseniki, Majosho na Kupe Sugu wa Afrika Kusini
Ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe, iliingia kusini mwa Afrika mnamo 1901 na 1902, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka Afrika Mashariki. Mtaalamu wa wadudu Charles Lounsbury alipothibitisha kwamba kupe wa kahawia wa masikioni ndiye mwenezaji, majosho yalijengwa kwa wingi Natal na Cape, na ng'ombe wakaogeshwa kwa aseniki. Sumu hiyo ilitegemewa kwa miongo mitatu. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1930, karibu na mji wa East London huko Cape, kupe wa buluu walionekana kutoka joshoni wakiwa wazima.

Haishangazi kwamba kupe wa buluu ndiye aliyetangulia kuwa sugu. Kupe wa buluu hukaa juu ya ng'ombe mmoja tangu akiwa mdogo hadi apevuke, hivyo kila hatua ya maisha yake huguswa na dawa. Wanaobaki ni wale wenye kinga ya kurithi, na ndio wanaozaliana. Yule wa kahawia hubadili mnyama kila hatua, na muda mwingi hujificha majanini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja dawa mpya ya kuogeshea, BHC. Usugu dhidi yake ulijitokeza kabla ya miaka miwili kwisha, pigo kubwa kwa wafugaji. Zikafuata dawa za organofosfeti, kisha za pairethroidi. Nazo zikapata kupe wasiokufa.