Violesura vya mazungumzo mashariki mwa Uganda

Kiolesura cha mazungumzo ni njia ya kutumia huduma ya kidijitali kwa kuuliza na kujibiwa, kwa maandishi au kwa sauti, badala ya kupekua kurasa na vitufe. Programu ya mapema iliyovuma ya aina hii ni ELIZA, iliyotungwa na Joseph Weizenbaum nchini Marekani katikati ya miaka ya 1960. Jinja, mji mkubwa wa Busoga, na Mbale, chini ya Mlima Elgon, njia hiyo iliingia kupitia simu za kitochi, na mara nyingi kwa msaada wa mtu wa kati.

Fedha kwa simu

Kampuni ya simu ya MTN ilianzisha huduma ya fedha kwa simu nchini Uganda mwaka 2009. Siku hizi mteja hupiga *165#, simu humwonyesha orodha, naye hujibu kwa tarakimu. Huduma haidai intaneti wala simu janja, na kila hatua huuliza jambo moja tu: unatuma au unatoa, kiasi gani, kwa nani. Asiyeweza kusoma orodha humwendea wakala kibandani, akamweleza haja yake kwa lugha wanayoelewana. Mazungumzo hayo ya kibandani yamewaingiza wengi katika huduma ambayo peke yao wasingethubutu kuigusa.

Maswali ya wakulima

Mwezi Juni 2009 Google, MTN na shirika la Grameen Foundation zilizindua huduma za ujumbe mfupi, mojawapo ikiwa Farmer's Friend. Mkulima aliandika swali kwa maneno machache, akarudishiwa ushauri. Sehemu ya ushauri huo ilitoka BROSDI, asasi yenye mizizi Busoga, ambayo ilikuwa imekusanya maarifa ya wakulima wenyewe.

Mbale na Bushenyi, magharibi mwa nchi, zilichaguliwa kwa majaribio ya mpango mwingine wa Grameen Foundation, wa wahudumu wa maarifa vijijini. Wanakijiji waliokabidhiwa simu walipokea maswali ya jirani zao kuhusu magonjwa ya mazao, bei na hali ya hewa, wakayatafutia majibu. Mwaka huohuo wa 2009 huduma ya Question Box iliwawezesha wahudumu kupiga simu kwa waendeshaji waliokuwa Kampala, ambao walitafuta jibu katika hifadhidata na kulisoma kwa sauti. Mkulima wa migomba hakulazimika kujua kompyuta. Ilimtosha kueleza jinsi majani yanavyonyauka.

Sababu za wepesi

Mazungumzo hupunguza mizigo mitatu. Kwanza ni kusoma: sauti humfikia hata asiyejua kuandika. Pili ni kujua mahali pa kubofya, kwa kuwa kuuliza ni ujuzi ambao kila mtu anao tangu utotoni. Tatu ni kutaja tatizo kwa jina lake la kitaalamu. Mhudumu, au programu iliyoundwa vizuri, huuliza tena: doa lina rangi gani, lilianza lini, limeenea shamba zima? Swali lililoanza kwa mashaka hunyooka kidogo kidogo, na mwulizaji hujifunza huduma akiwa anaitumia.

Masharti na vikwazo

Sharti kubwa, na kikwazo cha kwanza, ni lugha. Jinja husemwa Kisoga, na Mbale Kimasaaba, kiitwacho pia Kigisu. Mashine haiwezi kuelewa lugha ambayo haijakusanyiwa maandishi na sauti za kutosha. Google iliongeza Kiganda, lugha nyingine ya Uganda, katika huduma yake ya kutafsiri mwaka 2022. Katika mwaka huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walieleza kazi yao ya kukusanya maandishi ya lugha za Afrika Mashariki, Kimasaaba kikiwemo. Kazi ya namna hiyo ndiyo msingi wa usawa: bila hiyo, wepesi wa mazungumzo hubaki kwa wanaojua Kiingereza.

Kikwazo cha pili ni gharama. Kuanzia Julai 2018 watumiaji wa mitandao ya kijamii nchini Uganda walitozwa shilingi 200 kwa siku. Mwaka 2021 tozo hiyo ilifutwa, ikafuatwa na kodi ya asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti. Kwa hiyo huduma za sauti na za namba fupi huwafaa zaidi wasio na intaneti.

Cha tatu ni usahihi. Programu za kisasa hujibu kwa ufasaha hata zinapokosea, na kosa katika kipimo cha dawa ya mimea au ya mgonjwa lina madhara makubwa. Kwa hiyo huduma ya kuaminika hutaja chanzo cha ushauri wake, na humpeleka mwulizaji kwa afisa ugani au mhudumu wa afya pale swali linapozidi uwezo wa huduma hiyo.