Daftari la Mvua: Bukoba na Muleba

Msomaji wa historia akitaka kujua kwa nini mwaka fulani wakulima wa Uhaya walikosa maharage, kwa kawaida huonyeshwa jumla ya mvua ya mwaka. Jumla hiyo yaweza kumdanganya. Miaka miwili yaweza kuwa sawa kwa kipimo, huku mmoja umenyesha kwa utaratibu tangu Machi hata Mei, na wa pili umemwaga maji yake kwa siku chache, kisha mbingu zikafunga wakati maharage yatoapo maua. Kwa hiyo yatupasa kuitafuta hali ya hewa ya kila siku, hata ya siku zilizopita zamani.

Kazi hii ni ngumu hasa katika Bukoba na Muleba. Usiku maji ya Ziwa Viktoria huwa na joto kuliko nchi kavu. Hewa hupanda, mawingu ya radi hujengeka, na pepo za mashariki huyasukuma ufuoni. Ndiyo sababu mji wa Bukoba hupata karibu milimeta 2,000 kwa mwaka, na mara nyingi mvua yake hunyesha asubuhi. Lakini ukivuka vilima kuelekea Karagwe, mvua hupungua hata ikakaribia nusu. Basi kipimo cha mjini hakiwezi kumsemea mwenye kibanja aishiye Muleba mbali na ziwa.

Ushahidi wetu ni wa namna tatu. Kwanza ni madaftari. Wajerumani, walioanzisha kituo Bukoba mwaka 1890, walipima mvua, na Waingereza wakaendelea baada yao. Pili ni ziwa lenyewe, ambalo kimo cha maji yake kimeandikwa upande wa Uganda tangu 1896. Baada ya mvua kubwa za 1961 lilipanda zaidi ya meta 2 kufikia 1964. Lakini ziwa hujumlisha mvua ya nchi nyingi, wala halitaji siku. Tatu ni hesabu za kompyuta: wataalamu huchukua vipimo vya kale, kama vile vya mgandamizo wa hewa, na kwa kanuni za fizikia hukadiria hali ya kila siku. Mkusanyo wa Ulaya uitwao ERA5 waanzia 1940. Hata hivyo kila mraba wake una upana wa kilometa 31 hivi, na ndani ya mraba mmoja ziwa, ufuo na mlima hupewa mvua moja.

Jambo hili si la wanazuoni peke yao. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifuatwa na mlipuko wa malaria katika nyanda za juu za Kagera, na watafiti wameziweka kumbukumbu za hospitali ya Ndolage, Muleba, kando ya kumbukumbu za hewa. Ajuaye ni majuma mangapi hupita kati ya mvua na homa aweza kuonya kabla vitanda havijajaa.

Basi mwanafunzi ye yote akutaye daftari kuukuu la mvua, na alinakili kabla mchwa hawajalisoma. Kompyuta yaweza kukadiria mvua ya siku ile. Aliyeipima ni mtu aliyesimama penye kipima-mvua asubuhi hiyo.