Kipenu cha Nyuma

Sisi wa Kamina tunajua kwamba mji wetu ulikua pamoja na reli. Mwaka 1928 reli ya B.C.K., iliyopita kwetu, ilifika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo. Mwaka 1956 ikakamilika njia ya Kabalo. Watu walikuja kufanya kazi. Nyuma yao wakaja mama wazee, wadogo zao na wajukuu. Nyumba isipotosha, mwenyewe husimamisha nguzo nyuma na kuegemeza paa kwenye ukuta wa zamani. Hicho ndicho kipenu.

Desturi hii si yetu tu. Huko Dedham, Marekani, ingali iko nyumba ya mbao ya jamaa ya Fairbanks, iliyojengwa karibu na mwaka 1641. Nayo iliongezwa kipenu nyuma, kisha vyumba vingine. Jamaa hiyo ilikaa humo vizazi vinane.

Basi tusidharau kipenu. Mbele ya nyumba twaona uwezo wa mjenzi wa kwanza. Nyuma twaona nani walipokelewa. Ila tuangalie sana mahali paa jipya linapogusa ukuta. Maji yakipenya hapo, hubomoka kwanza ukuta uliokubali kuegemewa.