Gari la Injini Mbili na Foleni za Nairobi na Kampala

Kila siku ya kazi, asubuhi na jioni, barabara za Nairobi na Kampala hujaa magari yanayosogea hatua chache, yakasimama, kisha yakasogea tena. Katika Jogoo Road ya Nairobi au Jinja Road ya Kampala, petroli huungua ilhali gari halijaenda popote. Na petroli hiyo majirani zetu huinunua ng'ambo kwa fedha za kigeni. Si ajabu, basi, mfanyakazi wa huko akijiuliza kama gari la mseto, yaani lenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, litamfaa katika safari ya kwenda kazini na kurudi. Historia ya gari hilo inaweza kumsaidia kuamua.

Wengi hudhani kwamba gari la mseto ni jambo jipya. Sivyo. Mnamo mwaka 1900, katika mji wa Vienna, fundi kijana Ferdinand Porsche aliunda gari lililotumia injini za petroli kuzalisha umeme, na umeme huo ukaendesha mota zilizowekwa ndani ya magurudumu. Lakini gari hilo lilikuwa zito na la gharama kubwa. Injini ya petroli peke yake ilizidi kuwa rahisi na imara, na kwa kuwa mafuta yalikuwa ya bei nafuu, fikra ya mseto ikasahauliwa kwa miaka mingi.

Kilichoifufua ni shida. Kati ya Oktoba 1973 na mwanzo wa mwaka 1974, bei ya mafuta duniani ilipanda takriban mara nne. Nchi tajiri zilitikisika, na nchi changa, zikiwemo zetu za Afrika ya Mashariki, ziliumia zaidi. Huko Marekani mhandisi Victor Wouk alikuwa ameligeuza gari la Buick Skylark kuwa la mseto, nalo likapimwa na serikali mwaka 1974. Hata hivyo halikuingia viwandani. Mwaka 1976 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugharimia utafiti wa magari ya umeme na ya mseto, ijapokuwa Rais Gerald Ford aliipinga. Pamoja na hayo, zilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya kampuni ya Toyota kuanza kuuza gari la Prius nchini Japani, Desemba 1997.

Siri ya gari hilo ni nini? Gari la kawaida linapofungwa breki, nguvu yote ya mwendo hugeuka joto na kupotea bure. Katika gari la mseto, mota ya umeme hugeuka jenereta wakati wa kupunguza mwendo, ikarudisha sehemu ya nguvu hiyo katika betri. Gari likisimama, injini ya petroli huzimika yenyewe. Likianza kusogea taratibu, mota hulivuta. Haba na haba hujaza kibaba: kila breki huongeza kidogo, na katika foleni breki ni nyingi.

Takwimu za vipimo vya serikali ya Marekani zinathibitisha jambo hilo. Prius ya mwaka 2010 ilikwenda takriban kilomita 22 kwa lita moja mjini, na 20 katika barabara kuu. Corolla ya mwaka huo huo, yenye injini ya lita 1.8, ilikwenda takriban kilomita 11 mjini na 14 katika barabara kuu. Kwa kilomita 10,000, mwenye Prius huokoa zaidi ya lita 400 akiwa mjini, lakini lita 200 hivi tu katika barabara kuu. Kwa hiyo gari linalofaa katika foleni ya Nairobi halileti faida hiyo hiyo kwa mtu anayesafiri kila mara kati ya Nairobi na Mombasa.

Majirani zetu hawakukaa wakitazama tu. Nchini Uganda, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere walilionyesha gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011, na mwaka 2014 likafuata gari la mseto la watu watano, Kiira EV Smack. Hata hivyo, magari mengi yanayoingia katika nchi hizo ni yaliyokwisha kutumika, aghalabu kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018.

Hapo ndipo penye hatari kwa mnunuzi. Betri kubwa ya gari la mseto huchoka kwa umri na kwa joto, na kuibadilisha ni gharama inayoweza kumeza akiba ya petroli ya miaka kadhaa. Yampasa mnunuzi ampate fundi mwenye chombo cha kuipima betri kabla ya kutoa fedha zake, na asiruhusu vumbi au mizigo kuziba tundu la hewa ya kuipoza, ambalo katika Prius nyingi liko kando ya kiti cha nyuma.

Kwa mtu anayeshinda katika foleni, basi, gari la mseto linafaa, mradi betri yake iwe nzima. Lakini serikali na halmashauri za miji zisijidanganye. Gari hilo hupunguza petroli inayoungua katika foleni. Foleni yenyewe haipungui hata kidogo. Mtu mmoja ndani ya gari la mseto huchukua nafasi ile ile barabarani. Dawa ya foleni ingali ni basi linalobeba watu wengi na kufika kwa wakati.