KIKAPU CHA WIKI: KIKUNDI CHETU KILIKOTOKA

Wageni wanaotutembelea huuliza kikundi kilianza na mradi gani. Hutegemea tuseme kuku, ushonaji au mashine ya kusaga. Jibu letu ni kwamba tulianza na sado ya mahindi. Kwa kuwa sasa tunatimiza miaka 10, sisi viongozi tumeonelea tueleze historia hiyo, hasa kwa mabinti waliojiunga juzi juzi.

Wengi wetu tulio wakubwa humu tulizaliwa karibu na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mama zetu hawakununua chakula kila wiki, chakula kilitoka shambani: mtama, uwele, mahindi, viazi. Viazi vilikatwa na kuanikwa vikawa michembe, vingine vilichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, hayo ndiyo matobolwa. Mboga nazo zilikaushwa zikawa nsansa. Dukani mama alifuata chumvi, kiberiti, mafuta ya taa, sabuni, na sukari kama ipo. Mvua ilipokataa miaka ya 1973 na 1974, njaa iliingia nchini, na katika miaka hiyo ya shida watu walikula unga wa njano kutoka Marekani ulioitwa unga wa Yanga, kwa ajili ya rangi ya jezi. Wana Simba nao waliula, wangefanyaje.

Kisha ikaja vita ya Kagera, 1978 hadi 1979. Baada ya vita wananchi tuliombwa kufunga mikanda kwa miezi 18, lakini miezi ikageuka miaka. Bidhaa zilitoka RTC mkoani zikaletwa duka la kijiji, na balozi wa nyumba kumi ndiye mwenye orodha ya kaya. Sisi tulikuwa watoto wa shule, tukitumwa kupanga foleni tangu alfajiri, na wakati mwingine tunaweka jiwe kushika nafasi tukimbie darasani. Mche wa sabuni unakatwa vipande, kaya moja kipande kimoja. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, ambapo wengine walizitupa bidhaa zao usiku kwa woga. Wakati ule mtu aliyeuza pamba hela anayo, kitu hakipo. Alipoingia Rais Mwinyi mwaka 1985 na biashara ikaruhusiwa, maduka yalijaa. Ikawa kinyume: kitu kipo, hela hakuna. Sisi tumelea watoto wetu katika kinyume hicho.

Hapa tuseme wazi jambo ambalo wenye hela hawalijui. Mwenye kidogo hununua kwa bei kubwa. Debe ni lita 20, sado ni lita 4, kwa hiyo debe ni sado 5. Lakini ukinunua sado 5 moja moja, leo moja na keshokutwa moja, mwishoni umelipa kuliko aliyechukua debe zima. Tena sado nyingine imebonyezwa kitako makusudi, hiyo lita 4 haifiki! Mafuta ya kupima ni hivyo hivyo, na sukari ya robo. Juu ya hayo kuna suala la majira. Mwezi wa 6 tunauza mahindi yetu kwa bei ya kutupa ili tupate hela, halafu Januari, wakati wa sare na madaftari, tunayanunua yale yale karibu mara mbili.

Tulipoanza tulikuwa akina mama 17. Baadhi walisema hisa ni za mtaji, siyo za kula, na kikundi kikianza kula kitakufa. Lilikuwa neno la haki. Tulibishana mikutano mitatu. Mwisho tukakubaliana mfuko wa unga uwe mbali na hisa, kila mwanachama shilingi 1,000 kwa wiki, tununue magunia baada ya mavuno, tuyaweke katika mifuko ya kinga njaa kwa sababu ya dumuzi, na tuuziane kwa bei ile ile tuliyonunulia, kwa kipimo cha mfuto.

Mfuko ulipimwa mwaka 2019. Bei elekezi ya pamba ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, lakini wakulima wengi walicheleweshewa malipo. Wakati huo waume wengine walikuwa Maganzo kwenye almasi, wengine Geita kwenye dhahabu, na mwenzetu mmoja alikaa miezi minne bila salamu wala senti, na watoto watano. Wapo waliotaka magunia yauzwe tugawane hela. Tukapiga kura, wa kuuza wakashindwa kwa kura mbili tu. Yule mama alichukua kwa daftari sado 4 kila wiki. Kikapu chake tulikipanga naye: sado 4 hizo, choroko kilo moja, dagaa mafungu mawili, mafuta robo lita, chumvi na kipande cha sabuni, michembe na nsansa anavyo nyumbani. Sukari hapana. Nyama hapana. Ni watu sita, siku saba, ukikokotoa utaona ni chembamba. Deni alilimaliza mwaka uliofuata baada ya kuuza choroko zake.

Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipopanda bei nchi nzima, tulirudia karanga za kutwanga kwenye mboga kama mama zetu, na kwa kweli watoto walizipenda kuliko mafuta.

Siku hizi mfuko unanunua choroko pia. Sado yetu ipo kwa mweka hazina, kitako kimenyooka, na mwanachama yeyote anaruhusiwa kuikagua. Mabinti wanadai sukari nayo iingizwe kwenye mfuko. Wazee tunapinga. Suala hilo lipo kwenye ajenda za mkutano mkuu, baada ya mapato na matumizi.